Subiri Muhula Uishe

Kirumba, Mwanza
Juni

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu kutoka upande huu wa ziwa letu. Mimi ni mzima, hofu ni kwako uliyebaki Kisumu na hayo mawazo ya safari. Nimeona nikujibu mapema kabla hujakata tiketi.

Unasema utajitolea kufundisha miezi miwili Mwanza, miwili Bukoba, kisha uvuke hadi Kampala, ili uione Afrika Mashariki. Kuiona utaiona. Watoto je? Hapa mihula ni miwili, Januari hadi Juni na Julai hadi Desemba, si mitatu kama kwetu. Ukiondoka Agosti, utawaacha darasa la saba wakikaribia mtihani wao wa taifa wa Septemba. Aliyenitangulia hapa aliondoka katikati ya mada ya sehemu, zile nusu na robo. Nilipoingia darasa la tano nikakuta nusu yao wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na hakuna aliyejua mwenzetu aliishia wapi, kwani hata azimio la kazi, yaani mpango wa masomo wa muhula, hakuacha. Nikaanza upya. Mwalimu mkuu hakusema kitu. Nadhani ameshazoea wageni.

Halafu ujue kwamba katika shule nyingi za msingi za serikali Hisabati inafundishwa kwa Kiswahili. Sisi tuliokua na LCM tunakutana na KDS, kigawe kidogo cha shirika, mbele ya watoto wanaoijua kuliko sisi. Ukishazoea tu, wewe huyo umeshafungasha kwenda Kampala kuanza tena na Kiingereza.

Kuhusu karatasi: pale mpakani Sirari Mkenya halipii viza, lakini pasi utakayogongewa ni ya matembezi, na kufundisha si matembezi. Wanaojitolea hupewa kibali cha ukaazi daraja C, na huombewa na taasisi inayowapokea. Kabla ya kuhamia kwa mwenyeji mwingine, ulizia Uhamiaji. Usimsikilize kondakta wa basi.

Najua utasema mbona na mimi nahama. Ni kweli, Julai naenda kisiwa cha Ukerewe, shule iliyo nje kidogo ya Nansio. Ila wenyeji wangu wanajua tangu Machi, na kumbukumbu za darasa nimezikabidhi mkononi mwa mtu. Nimekaa na mwalimu wa darasa jioni kadhaa, tukapitia azimio la kazi, alama, na daftari nililoandika mambo ambayo alama hazisemi: nani bado anahesabia vidole chini ya dawati, nani akae mbele kwa sababu ubao haoni vizuri na kwao hawajui, nani anajua jibu lakini hanyooshi mkono mpaka umtaje jina. Watoto wakaniuliza kama nitarudi. Nikawaambia Desemba nitapita kuwasalimia, kufundisha hapana. Wawili watatu walinuna, na sikuwabembeleza. Mtoto ukimwahidi atakaa anahesabu siku.

Nitapanda meli ya moja kwa moja hadi Nansio, na sababu kubwa ni godoro. Kwa barabara ningezunguka Bunda hadi Kisorya, nivuke kwa kivuko hadi Rugezi, kisha gari jingine tena, na kila kituo kuna mpiga debe anayelitoza godoro nauli kama mtu mzima.

Sasa sikia. Kama hamu ya kuja bado unayo, darasa langu la tano litakuwa wazi Julai. Mwalimu mkuu amekubali nikuulize, na mwenyeji wangu yuko tayari kuanza kukuombea kibali. Sharti ni ukae mpaka Desemba; Bukoba na Kampala utazitembelea likizo, ukiwa mtalii kamili. Nijibu wiki hii, maana ukikataa vipindi vyangu vitagawiwa walimu waliopo, nao tayari wamelemewa.

Nisalimie nyumbani, na mama mwambie dagaa zake nimeshazifunga.

Ni mimi, mwalimu mwenzio