Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2025

Ndugu wanachama,

Mikutano yote minne ilifanyika kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu mtasomewa na Mweka Hazina. Mimi naomba nizungumzie usiku wa wagonjwa wetu walio mahututi, na usingizi wao.

Kila familia hapa imewahi kukaa kando ya kitanda ikijiuliza: huyu amelala, au ndiyo ameshakwenda? Tumeambiwa mara nyingi kwamba koma, yaani kuzimia kwa muda mrefu bila kuamshika, si usingizi, na ni kweli. Lakini ndani ya koma usingizi unaweza kuwamo. Mwaka huu watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kundi la Dkt. Jan Claassen, walitoa matokeo ya wagonjwa 226 walioumia ubongo karibuni, waliopimwa usiku kwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Kwa takriban theluthi moja walikuta spindo: mafungu mafupi ya mawimbi ya haraka, yale yale yanayopita kichwani mwako na mwangu tunapozama usingizini. Spindo huzaliwa thalamasi, kilindini mwa ubongo, inapopokezana umeme na gamba la juu. Zikionekana, njia hiyo bado inapitika.

Wagonjwa hao pia waliambiwa wafungue na kufumba mkono. Kwa baadhi yao mkono haukutikisika, ila ubongo uliitikia. Waliokuwa na spindo pamoja na mwitikio huo, asilimia 76 walikuwa wamerudiwa na fahamu walipotoka hospitali. Kati ya waliokosa vyote viwili, waliorudiwa na fahamu walikuwa asilimia 29.

Hiyo 29 msiipite haraka. Katika mkutano wa Agosti mama mmoja aliniuliza: mwanangu akikosa mawimbi hayo, nimkatie tamaa? Hapana, mama. Wapo walioyakosa wakaamka, na wapo walioyapata wasiamke. Ni dalili, si hukumu, na anayeisoma ni daktari aliye na picha nzima ya mgonjwa.

Linaloniuma ni kelele. Wodi ya wagonjwa mahututi haina usiku: ving'ora vya mashine, taa, kugeuzwa, kutolewa damu. Claassen mwenyewe amelisema hilo. Kama ubongo unahangaika kupata usingizi, kwa nini tuuamshe? Kamati yenu imeanza kuwaomba wauguzi wakuu wapunguze taa saa tatu usiku na, hali ya mgonjwa ikiruhusu, wakusanye huduma za usiku pamoja. Wodi moja imekubali kujaribu. Nyingine bado hazijajibu, nasi tutarudi Januari.

Nasi ndugu, tukija kuona wagonjwa jioni, simu zizimwe na dua tuziombe kwa sauti ya chini.

Mwenyekiti