Kwa mdogo wangu anayedai mizinga ya nyuki ya Baba

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeandika "mizinga yetu", ukauliza inaingiza shilingi ngapi kwa msimu, halafu ukazima simu. Nakuandikia hapa kwa sababu wifi ameniambia kila ninachoweka humu unakisoma, ila huoni haja ya kujibu.

Unataka kuanza ufugaji wa kisasa. Vizuri. Mizinga ya masanduku umeshanunua, mavazi meupe umeshanunua, hata picha umeshapiga ukiwa umevaa. Lakini kabla hatujagusa habari ya msitu wa Baba, tuongelee kwanza yale ya usiku ule.

Usijifanye umesahau. Wageni wa msiba walikuwa bado wamelala uani. Wewe na rafiki zako mkaenda kwenye ule mzinga wa gome nyuma ya zizi, mwenge wa nyasi mkononi, mkachoma mlangoni mpaka moto ukaingia ndani. Mkakata masega yote, ya mbele na ya nyuma, mkayakamulia kwenye ndoo. Nilipofika na taa nilikuta nyuki wanatambaa chini, mbawa zimeungua, wanapanda miguuni mwetu. Shangazi akatoka akauliza nani anamenya ndizi saa hizi. Hakuna aliyekuwa na ndizi. Nyuki akichoma, mwiba wake huachia harufu inayofanana kabisa na ya ndizi mbivu, na wenzake wakiinusa wanajua pa kushambulia. Ndiyo maana Baba hakuturuhusu kula ndizi siku ya kurina asali. Wewe ulikuwa unanuna, unadhani ni ubahili.

Nikamulika ndani ya ndoo. Majana, watoto wa nyuki, walikuwa wanaelea juu ya asali. Wengine bado ni funza tu, wamejikunja. Wengine walikuwa karibu kukamilika: weupe, miguu imekunjwa kifuani, vipapasio vimelala usoni, na macho yameanza kuingia zambarau. Macho ndiyo hutangulia kupata rangi, mwili hufuata baadaye. Wiki moja tu wale wangetafuna kifuniko cha nta wakatoka. Ukaniangalia ukasema, "Dada, ni wadudu tu."

Hilo neno lako sijalimeza mpaka leo.

Wadudu, sawa. Lakini ulijua ulichokamua? Yai la nyuki hukaa siku 3 kabla ya kuanguliwa. Jana akitoka, siku za mwanzo hulishwa maziwa, na maziwa hayo hutoka kwenye tezi za kichwani mwa nyuki walezi, ambao wenyewe ni mabinti wa siku chache tu. Baadaye jana wa kibarua, yule nyuki jike wa kazi, hubadilishiwa chakula, anapewa asali na chavua. Yule wa malkia haachishwi maziwa. Yai ni lilelile. Lishe ndiyo hutenganisha kibarua anayeishi wiki sita hivi msimu wa kazi na malkia anayeweza kuishi miaka. Malkia hukamilika kwa siku 16, kibarua 21, dume 24, na hawa wa kwetu huwahi kidogo.

Sasa sikiliza. Ungeacha sega moja lenye mayai, moja tu, nyuki waliobaki wangechagua jana mchanga wakamlea awe malkia mpya. Baba alikata masega ya nyuma, yale ya asali iliyofunikwa, akaacha ya karibu na mlango wanakolelea watoto. Alitufundisha sote wawili, siku moja, chini ya mti mmoja. Wewe hukubakiza hata kipande. Wale walionusurika walining'inia kwenye tawi siku kadhaa, wakaisha.

Na asali yenyewe? Nyuki hubeba mbochi, yale maji matamu ya maua, kwenye kifuko kilicho kabla ya tumbo la chakula, kina kilango chake, ili mzigo wa nyumbani usichanganyike na chakula chake mwenyewe. Akifika huwatapikia wenzake, wanaupokezana mdomo kwa mdomo, wanaupepea kwa mbawa mpaka maji yabaki karibu asilimia 18, ndipo wanafunika kwa nta. Wewe ulichanganya iliyofunikwa na isiyofunikwa, na maji ya majana juu yake. Mnunuzi aliporudisha debe limeumuka linatoa povu, ulisema anakuonea.

Lakini nakumbuka mengine pia. Nakumbuka Baba akikuwekea dume kiganjani, yule mnene mwenye macho makubwa yanayokutana utosini, nawe unakimbia kuwatishia watoto wa jirani kwamba huogopi nyuki. Hukujua dume hana mwiba. Mwiba wa nyuki ulitokana na kiungo cha kutagia, kwa hiyo ni wa jike peke yake. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Sikukwambia siri ile miaka yote, kwa kukupenda.

Nakwambia leo kwa sababu ulisimama kwenye kikao cha ukoo ukasema mtoto wa kiume ndiye mrithi wa mizinga. Mbele ya Mama! Ungechagua mali nyingine. Dume wa nyuki hutokana na yai lisilorutubishwa. Hana baba, ana babu tu, wa upande wa mama. Hatafuti chavua, hajengi sega, hakai mlangoni kulinda, na njaa ikiingia dada zake humburura nje. Sikutukani. Nakueleza mzinga ulivyo.

Ndiyo, ni mimi niliyesema mizinga isigawanywe. Wasomaji wengine wa humu wataona nimemdhulumu ndugu yangu. Wamuulize nani amekuwa akiingia msituni tangu Baba aondoke, na dawa za Mama zinanunuliwa kwa fedha gani. Ningekupa mizinga kumi siku ile, leo ungekuwa na majivu ya mizinga kumi.

Na hili la kuagiza nyuki "wapole" kutoka Ulaya liache kabisa. Hawa wa kwetu ni wakali kwa sababu wameishi na nyegere, na moto, na watu kama wewe. Mwaka 1956 Profesa Warwick Kerr alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na hapa Tanganyika akawapeleka Brazili, akitafuta nyuki wanaohimili joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yakamtoroka, na kufikia 1990 uzao wao ulishafika Texas. Huko wenye nyuki wapole ndio waliolazimika kujifunza kuishi na wetu.

Ukitaka kujifunza, njoo. Bomba la moshi ninalo. Moshi huifunika ile harufu ya ndizi, na huwafanya wajaze vifuko asali kwa kudhani msitu unaungua, wakawa wazito wa kugombana. Usipake manukato. Ukichomwa usiubane mwiba kwa vidole. Kifuko cha sumu huendelea kusukuma chenyewe hata nyuki akishaondoka, kwa hiyo ukwangue upesi kwa ukucha.

Masharti yangu ni haya: utarina pamoja nami msimu mzima, masega ya nyuma tu, bila kudai mgao. Baada ya hapo tutaitisha kikao upya, na safari hii Mama ndiye ataongea wa kwanza. Wifi aje pia. Yeye walau simkagui mfukoni kama ana kiberiti.

Dada yako