Kabla hujachapisha habari za mama

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, pamoja na rasimu ya andiko unalokusudia kuliweka LinkedIn kuhusu miaka miwili uliyoacha kazi ili kumuuguza mama baada ya kupatwa na kiharusi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama rafiki, nikalia. Mara ya pili niliisoma kama mtu ambaye huitwa kwenye usaili. Na mara ya tatu nilijiweka mahali pa mama mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona afadhali nikuandikie kwa kirefu kuliko kukupigia simu.

Unaniuliza iwapo kueleza mambo ya nyumbani mbele ya waajiri ni kujidhalilisha. Sioni hivyo. Mtandao ule ulipofunguliwa Mei 2003 ulikuwa mahali pa kuweka wasifu na kutafutana kikazi, lakini tangu mwaka 2020, wengi walipopoteza ajira wakati wa korona na ile fremu ya kijani ya wanaotafuta kazi ikaanza kuonekana kwenye picha zao, simulizi za kupunguzwa kazini, kuugua na kufiwa zimekuwa za kawaida pale. Mwaka 2022 iliongezwa hata sehemu ya kuonyesha kipindi ambacho mtu aliacha kazi kwa muda, na kumhudumia mgonjwa ni mojawapo ya sababu unazoweza kuchagua. Kwa hiyo pengo lile katika wasifu wako lina mahali pake. Mtu aliyepanga saa za dawa, mazoezi ya viungo na safari za kliniki kwa miaka miwili, huku akisimamia fedha za nyumba nzima, ana la kumweleza mwajiri yeyote.

Kinachonikosesha raha ni aya ya tatu na ya nne. Humo unaeleza jinsi mama alivyoshindwa kuzuia haja, usiku ule alipolia akimwomba Mungu amchukue, na ugomvi wako na kaka zako juu ya gharama za hospitali. Yote ni kweli, nawe umeyaandika vizuri mno, ila si yako peke yako. Mama alifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini. Wanafunzi wake leo ni wahasibu na wanasheria, nao wamo humohumo. Je, angependa wamkute katika hali ile? Umeniambia kwamba sasa anaweza kuongea, ingawa kwa taabu. Basi aulizwe.

Nakusihi hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Usiku wa siku niliyopunguzwa kazini niliandika kwamba mume wangu naye hana kipato na kwamba tunaishi kwa mikopo. Mtandao ule huonyesha mistari michache ya mwanzo tu, na anayetaka iliyobaki lazima abofye, kwa hiyo nilitanguliza sentensi ile iliyouma kuliko zote, nayo ilikuwa yake, si yangu. Asubuhi shemeji yangu alinionyesha picha ya skrini iliyokwisha kuzunguka katika kundi la WhatsApp la ukoo wao. Nililifuta andiko, lakini picha ile haikuwa mikononi mwangu tena. Mume wangu, ambaye wiki zile alikuwa akihangaika kimyakimya kutafuta kibarua, hakunisemesha kwa siku nne, na alipofungua kinywa aliniuliza jambo moja tu: kwa nini sikumwambia kwanza. Hata leo nikilikumbuka swali hilo, moyo hunisononeka. Usidhani, basi, kwamba kuchagua andiko lionwe na watu uliounganishwa nao tu kungetosha. Aliyelisambaza langu alikuwa mmoja wao.

Msomee mama rasimu yote, polepole, mkiwa wawili tu. Akikataa, ziondoe aya zile mbili. Akiomba neno fulani libadilishwe, libadilishe. Ya kaka zako yaache kabisa, kwani mtaendelea kukaa mkeka mmoja. Kisha nitumie kitakachobaki, nami nitakirudisha kabla ya Ijumaa nikiwa nimekisoma kwa jicho la mwajiri.

Mpe mama shikamoo yangu.

Rafiki yako wa tangu kidato cha kwanza.