Anayepika nyumbani naye aitwe kliniki ya kisukari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie elimu ya lishe wanayopewa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili hapa Tanzania. Katika kliniki ninazozifahamu, elimu hiyo hutolewa harakaharaka asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye foleni ya kupima sukari, na huishia katika agizo moja: acha sukari, kula dona. Mgonjwa hutoka hapo akiamini kwamba dona ni dawa, akaenda kula bonge la ugali linalojaza sahani, matembele vijiko viwili pembeni, kisha akashushia na glasi kubwa ya juisi ya embe kwa kuwa eti haikutiwa sukari.

Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, lakini bado ni chakula cha wanga, na wanga humeng'enywa kuwa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu; kwa hiyo kiasi ni jambo la kufundishwa kwa sahani halisi mezani: nusu mboga za majani, robo wanga, robo samaki, maharage au nyama.

Napendekeza pia anayepika nyumbani aitwe pamoja na mgonjwa, maana mwanamume aliyezoea kupakuliwa (nao ni wengi) hatapanga sahani asiyoipakua. Vilevile, wanaotumia insulini waelezwe na daktari, wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, kama wanaweza kufunga na dozi zao zibadilishwe vipi.

Msomaji wako,
Morogoro