Shemeji, kuiba besi si mbio tu

Shemeji,

Za Milwaukee? Uliandika kwenye grupu la familia kwamba kuiba besi katika besiboli (yaani kuchomoka kutoka besi moja hadi inayofuata mrushaji anapomrushia mpigaji mpira) ni mbio tu, na kwamba Mkalenjin yeyote akipewa kofia na viatu vya besiboli atavunja rekodi ya Rickey Henderson ya kuiba besi nyingi zaidi katika msimu mmoja. Nimeona nikujibu hadharani, maana rekodi ya zamani aliivunja hapo hapo mjini kwako. (Halafu Wakalenjin wetu ni wa mbio ndefu. Kutoka besi hadi besi ni futi 90 tu.)

Msimu wa 1982 Henderson, akichezea Oakland, aliiba besi 130. Aliyemfuata katika ligi yake, ya American, Damaso García wa Toronto, alikuwa na 54. Tim Raines wa Montreal aliongoza ligi kuu ya pili, ya National, kwa 78. Unadhani miguu ya Henderson ilikuwa na kasi maradufu ya García? Hapana.

Kwanza, huibi besi ya pili kama hujafika ya kwanza. Henderson alikuwa akijikunja anaposubiri kupiga mpira, mrushaji akakosa pa kulenga, na mwaka ule alipewa besi ya kwanza bure mara 116 kwa sababu mrushaji alikosa shabaha mara nne. Pili, anayeibiwa hasa ni mrushaji, si mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji. Mrushaji akishaanza kuupeleka mwili kwa mpigaji hawezi kughairi, na Henderson alikuwa akisoma mguu na bega lake huku vidole vyake mwenyewe vikichezacheza hewani.

Tarehe 27 Agosti, County Stadium, mrushaji wenu Doc Medich alijua kitakachotokea, kama uwanja mzima. Alimrudisha Henderson besi ya kwanza kwa kurusha huko tena na tena. Mwishowe akarusha mpira mbali na mpigaji makusudi ili mdakaji Ted Simmons audake akiwa tayari amesimama. Mtego kamili. Simmons akautupa vizuri besi ya pili, lakini Henderson alishatanguliza kifua na mikono kwenye vumbi, akafika. Ya 119 hiyo, ikapita rekodi ya 118 aliyoweka Lou Brock mwaka 1974. Brock mwenyewe alikuwepo. Usiku ule Henderson akaiba nyingine tatu, na timu yake ikafungwa vilevile.

Tena siku chache kabla, dhidi ya Detroit, mwenzake Fred Stanley alikuwa amesimama besi ya pili, akiizuia njia ya Henderson. Akatoka nje ya besi, akanaswa kirahisi mno, na wengi wakaona amejitoa kafara ili njia iwe wazi. Henderson akakimbia, akatolewa! Mimi nilifurahi kusikia hivyo. Rekodi ya kuandaliwa haina utamu.

Usichokitaja wewe ni 42. Ndiyo mara alizokamatwa akijaribu kuiba msimu ule, nayo ni rekodi pia. Oakland ilipoteza mechi 94, kwa hiyo anayesema wizi mwingi hivyo haukuisaidia timu sana ana hoja. Ila mtu anayekamatwa mara 42 na bado anaondoka tena mechi ya kesho, huyo ana kichwa cha aina yake. Mwaka 2023 walipanua besi na kuwabana warushaji wasirushe besi ya kwanza wanavyotaka, na bado Ronald Acuña Jr. aliongoza kwa kuiba besi 73 tu.

Tafuta video ya usiku ule. Iangalie miguu ya Medich, achana na ya Henderson, kisha urudi kwenye grupu tubishane.

Msalimie dada.