Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Kaunti ya Kilifi: Wahamiaji wa Malindi na Kiswahili

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Malindi, ambako kazi yangu ni kufundisha Kiswahili watu wazima waliohamia hapa. Wengi ni Waitaliano wastaafu wa Casuarina. Wengine ni Wakenya wenzetu wa bara waliokuja kutafuta riziki. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ombi langu ni kwamba vyuo hivyo vifunguliwe jioni kwa madarasa ya Kiswahili. Lakini kabla hatujafika kwenye bajeti, kuna jambo moja linaloua madarasa ya namna hii, nami naliona kila wiki: hatumpi mwanafunzi sababu ya kukisema Kiswahili akitoka darasani.

Tumezoea kusema Mzungu fulani ni mvivu, kakaa hapa miaka yote hii na hata maji hajui kuomba. Sikubaliani. Fuatana naye sokoni uone. Mzee mmoja ninayemfundisha husimama mbele ya mafungu ya nyanya, akajikaza, akasema polepole: "Habari ya asubuhi, mama. Fungu pesa ngapi?" Hajafunga mdomo, mama keshamjibu kwa Kiitaliano, bei na chenji pamoja, na kijana wa mkokoteni naye katia lake kwa Kiitaliano hichohicho. Mzee hunyamaza, akalipa, akaenda zake. Mama hakumkosea adabu, alikuwa akimkirimu mteja. Ila mzee ameshaelewa kwamba hapa yeye ni mnunuzi tu, na mnunuzi hahitaji Kiswahili.

Na tazama upande wa pili. Tangu mradi wa anga wa Waitaliano, San Marco, uanze kule Ngomeni miaka ya 1960, na watalii kufuatia, vijana wetu wa ufuoni wamekishika Kiitaliano bila daftari wala mwalimu. Kila mmoja alishajiona mtembeza wageni, au mwenye duka lake, au abiria wa ndege ya kwenda Roma. Mtaalamu Zoltán Dörnyei aliieleza nguvu hiyo katika nadharia yake ya mwaka 2005: mwenye kujifunza lugha husukumwa na sura ya mtu anayetamani kuwa. Sasa mzee wangu wa Casuarina, katika Kiswahili, atamani kuwa nani? Hatujamwonyesha.

Mtafiti wa lugha Bonny Norton naye alichapisha mwaka 1995 utafiti wake juu ya wanawake watano waliohamia Kanada. Wote walitaka Kiingereza, lakini kutaka hakukutosha. Mmoja, aliyekuwa mwalimu wa baiolojia kwao Poland, aliacha darasa baada ya mwalimu wake kumwambia, kwa maelezo yake, kwamba Kiingereza chake ni cha wahamiaji. Mwingine alikuwa mpima ardhi kwao, na Kanada akajikuta akifanya kazi kwenye mkahawa na vijana waliomdharau. Akajikumbusha kuwa yeye ni mama mtu mzima na wale ni watoto, akaendelea kusema nao. Heshima aliyojipa mwenyewe ndiyo iliyomfungua mdomo.

Usidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Nina fundi cherehani wa kutoka Kitui anayeishi mtaa wa Kisumu Ndogo, hapahapa Malindi. Kiswahili alikisoma tangu shule ya msingi. Siku moja alimwambia mteja, "hii kitambaa yako iko mzuri," na waliokuwa kibarazani wakaangua kicheko, wakawa wanairudia sentensi yake huku wakimwita mbara. Tangu hapo wateja wakija humtanguliza bintiye aseme nao. Darasani kwangu alikuwa kimya vilevile, mpaka jioni niliyomwomba atufundishe kukata dera. Alitandika kitambaa mezani, akashika tepu na chaki, akaeleza shingo inavyochorwa na kwa nini mkasi usianzie kwenye pindo. Alisema mpaka muda ukaisha. Ngeli alizikosea, na hakuna aliyecheka, kwa sababu pale yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu.

Mheshimiwa, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka mkazi anayeomba uraia aelewe na aseme Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Tunakidai Kiswahili mwishoni, baada ya miaka isiyopungua saba ya ukaazi, ilhali katika miaka hiyo yote hatumpi mtu sababu ya kukisema. Mtaala wa "hoteli iko wapi" hautamsaidia. Afundishwe kutoa pole msibani, kuomba nafasi ya kusema kwenye mkutano wa mtaa, kumuuliza jirani hali ya mgonjwa wake, na kueleza kazi anayoijua yeye.

Naomba tuanze na chuo kimoja hapa Malindi, jioni mbili kwa wiki, na kila mgeni anayejiandikisha aketi darasani na mwenyeji mmoja aliyekubali kutomjibu kwa Kiitaliano wala kumcheka. Wenyeji hao nitawatafuta mwenyewe, na tayari wapo walioniahidi. Kutoka ofisini kwako nahitaji chumba chenye taa na barua ya kunitambulisha kwa mkuu wa chuo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Malindi