Barua kwa mwanangu Zuhura: kuhusu daktari wa mapafu wa baba yako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza na barabara za ndani ni matope matupu. Wadogo zako wazima. Baba yako anakusalimu sana, kifua chake ndicho hicho hicho.

Orodha yako ya madaktari imefika, Athumani amenisomea maana herufi za simu ni ndogo. Majina mengi, vyeo virefu, wengine wa Dar, wengine wa India, na kila mmoja umemwandikia "bingwa wa mapafu na wagonjwa mahututi". Baba yako kusikia mahututi akauliza, "Kwani nimeshafika huko?" Nikamwambia bado, huyo ni mwanao na mambo ya Marekani.

Najua ulikoyatoa. Huko uliko daktari akishahitimu husomea magonjwa ya ndani miaka 3, halafu wengi husomea mapafu na mahututi kwa pamoja miaka mingine 3. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukuona kliniki wiki hii, na wiki ijayo akakusimamia ukiwa kwenye mashine ya kupumulia. Kwetu mambo hayakuunganishwa hivyo. Ukiingia chumba cha mahututi hapa nchini, anayeshika usukani mara nyingi ni daktari wa usingizi. Na hata Ulaya kulianza hivyo: mwaka 1952 polio ilipoivamia Copenhagen, daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, ndiye aliyesema wagonjwa watobolewe koo na wasukumiwe hewa kwa mkono, wanafunzi wa udaktari wakaingia zamu usiku na mchana kuminya mifuko ya hewa. Nilipokuwa muuguzi na mimi nimeuminya huo mfuko, umeme umekatika, vidole vimekufa ganzi, na ndugu wa mgonjwa wamesimama mlangoni wananitazama mikono. Kwa hiyo ukitafuta kwa neno mahututi utampata mtu wa maana sana, lakini kikohozi cha miaka mingi si kazi yake.

Baba yako anataka mtu wa kliniki. Amwone sasa, amwone tena baada ya miezi michache, na mwakani awe bado yupo na faili analijua.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki alivyokuwa akirudi kutoka shambani. Wenzake walikuwa korona, ile mashine ya kukamua majani, mkonge ukiwa bado mbichi na maji yanamwagika, kule hakuna vumbi. Yeye walimweka brashi, pale singa, nyuzi kavu za mkonge, zinaposuguliwa kabla ya kufungwa marobota. Alikuwa anarudi kope nyeupe. Kitambaa cha kujifunga puani walikuwa wakikiona cha wanawake. Hapo ongeza sigara. Sasa akipanda ngazi za nyumba ya mjomba wako lazima asimame katikati ajifanye anaangalia bahari.

Hospitali moja, jina naliacha, kila tukienda walimpa antibiotiki na kumpiga picha ya kifua, basi. Picha inaonyesha mengi, ila njia za hewa zilizobana zinaweza zisionekane humo kabisa. Makohozi yamepimwa kwa mashine ya vinasaba na hana kifua kikuu, hilo tumelimaliza, maana kwetu mtu akikohoa zaidi ya wiki 2 lazima lianze hilo. Jirani bado anatuambia tumpeleke Kibong'oto. Namheshimu, Kibong'oto ni hospitali ya kifua kikuu tangu 1926 na kazi yao naijua, lakini tutakwenda kutibiwa nini?

Kipimo anachokosa ni kile cha kupuliza. Anabanwa pua, anavuta hewa mpaka mwisho, kisha anapuliza kwenye mrija kwa nguvu zake zote na asiache, angalau sekunde 6, na mpimaji yuko pembeni anampigia kelele "endelea, endelea, endelea". Baadaye anapewa dawa ya kuvuta, anangoja kama robo saa, anapuliza tena. Wanagawanya hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote aliyoitoa. Ikiwa hata baada ya dawa jibu ni chini ya 0.70, njia zimebana na hazifunguki sawasawa, basi tunazungumzia ugonjwa sugu wa njia za hewa, ule wanaouita COPD. Ikifunguka vizuri, pengine ni pumu, na dawa ni nyingine. Daktari anayempa mtu dawa za mapafu miaka nenda rudi bila kumpulizisha, mimi simwiti bingwa hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Tunaanza Bombo, hospitali yetu ya mkoa, kwa daktari wa magonjwa ya ndani, atuandikie rufaa. Usikasirike ukaona nachelewesha. Bima inataka ile karatasi, na bila yake tutalipa kila kitu mkononi. Kutoka hapo njia ni mbili, Muhimbili ya Dar au KCMC ya Moshi. Mimi nachagua KCMC. Ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu, basi linakata Segera kwenda Korogwe mpaka Moshi, na shangazi yako yuko huko, hatulali gesti. Dar nako kuna wataalamu, lakini foleni ya Dar na mtu anayehema, hapana.

Kazi yako wewe ni simu. Usiwaulize kama daktari ni maarufu. Uliza kliniki ya kifua ni siku gani, kipimo cha kupuliza kinafanya kazi au kimeharibika, na daktari atakayemwona ni yule yule kila mara au wanabadilishana. Jina ukishalipata, hakikisha limesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Akimwona, nitamwomba amwangalie baba yako anavyotumia pampu ya dawa ya kuvuta. Ile ya bluu anaibonyeza mdomo wazi kama mtu anayepulizia mbu, dawa yote inaishia ulimini, halafu anasema haisaidii. Nimemtobolea chupa ya maji ya nusu lita kitakoni, pampu inaingia hapo na yeye anavutia mdomo wa chupa, taratibu, kisha anabana pumzi mpaka kumi. Anaona aibu kuitumia mbele ya watu.

Hayo ya mahututi sijayapuuza. Nimeshauliza hapa mjini wapi pana oksijeni ya uhakika usiku na nani anakuwa zamu, na dereva wa bajaji wa hapa kwetu nina namba yake. Midomo ikigeuka rangi, akishindwa kumaliza sentensi moja, au akianza kusema asiyoyajua, hatungoji asubuhi. Kile kipimo cha kidole cha kupimia oksijeni ya damu ulichosema utanunua, nitumie. Ila usije na hadithi ya kumnunulia mtungi tukae nao nyumbani bila daktari kusema. Wagonjwa kama yeye, ikiwa ndio huo ugonjwa sugu, oksijeni wanapewa kwa kipimo, kile cha kidole kinalengwa kisome 88 mpaka 92 kwa mia. Ukimfungulia sana unaweza kumdhuru.

India tuiache. Hela ya tiketi moja inatosha nauli zetu za Moshi, dawa, na jiko la gesi, nimechoka na moshi wa mkaa unaomfuata mpaka chumbani.

Limebaki jambo moja na hili siliwezi. Sigara hajaacha. Ananiambia ameacha, lakini Athumani anamwona barazani jioni, baada ya kahawa, na wazee wenzake. Hakuna bingwa, wa Moshi wala wa India, atakayemtibu mapafu huku anaendelea kuvuta. Mimi sauti yangu ameshaizoea. Mpigie Ijumaa baada ya swala, usimwambie nimekuandikia, na usimkaripie. Muulize tu anavuta ngapi kwa siku, kisha nyamaza mpaka ajibu.

Mama yako